Mbiu na Jambo

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii yajulikana na kila msemaji wa Kiswahili, lakini Ndungu, chini ya milima ya Upare Kusini, upande uelekeao nyika ya Mkomazi, methali hii ni kazi kabla ya kuwa maneno. Wapare wanayo desturi iitwayo msaragambo. Mfereji ukiziba, ndiva ikivuja, au njia ikikatwa na mvua, watu huitwa, nao huja na majembe yao. Mgeni auonaye umati ule yamkini ataisifu sauti ya mwitaji. Atakuwa amekosea. Sauti huarifu siku na mahali tu. Kiwatoacho watu majumbani ni maji. Aitaye watu mara tatu kwenye mfereji usio na faida kwa mtu, mara ya nne atasimama peke yake na jembe lake.

Kosa la mgeni huyo ndilo lifanywalo na wengi wasemao na waandikao juu ya mapambano makubwa ya ngumi. Huona umati, husikia kelele zilizoutangulia, kisha huhukumu kwamba kelele ndizo zilizouzaa umati. Hukumu hiyo si kosa la mdomo tu. Imekuwa kanuni ya biashara, na kwa kanuni hiyo vijana wengi wa Afrika Mashariki wapandishwa ulingoni kila mwaka. Kwa hiyo yafaa swali lenyewe liulizwe upya na lijibiwe kwa ushahidi. Kwa nini pambano moja hutoka mikononi mwa wapenzi wa mchezo, likaingia vinywani mwa watu ambao hawajapata kutazama ngumi maishani mwao, mkulima wa mpunga, mwenye duka, mwalimu, shehe na mchungaji, na pambano jingine, lenye wapiganaji hodari vilevile, likapita kama upepo?

Majibu matatu hutolewa kwa kawaida. La kwanza lasema kwamba umma huvutwa na fedha na matangazo. La pili lasema kwamba umma huvutwa na damu. La tatu, ambalo ni la waungwana, lasema kwamba umma huvutwa na ustadi. Yote matatu yana chembe ya ukweli, na yote matatu hayatoshi.

Lianze la fedha na matangazo, maana ndilo lenye wafuasi wengi. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, katika Zaire ya Mobutu. Pambano lilianza kiasi cha saa kumi za alfajiri kwa saa za huko, ili Wamarekani walitazame usiku wao. Tanzania, kwa tofauti ya saa mbili, kulikuwa kumepambazuka, na wakulima walikuwa wakishika njia za mashambani. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, miaka 20 baadaye. Hapakuwa na tikiti iliyouzwa Same, wala tajiri aliyepata senti moja kwa sababu mtu wa Ndungu alilijua pambano lile. Hata hivyo jina la Ali lilienea nchini kwa redio, kwa magazeti na kwa midomo ya wasafiri, likawafikia watu ambao hawakupata kuuona uso wake ukienda wala ukirudi.

Watetezi wa fedha watajibu kwamba pambano lenyewe liliwezekana kwa fedha, maana kila mpiganaji aliahidiwa dola milioni 5. Hilo ni kweli, na ndilo liwashindalo. Malipo yalikuwa sawa kwa wote wawili. Matangazo yaliwataja wote wawili. Ulingo ulikuwa mmoja. Kama fedha na matangazo ndiyo mvuto, mioyo ya watu wa Kinshasa ingaligawanyika nusu kwa nusu. Haikugawanyika hivyo. Umati ulimchukua Ali kuwa wake, ukapaza sauti kwa Kilingala kumtaka amwue mpinzani wake. Kitu kilicho sawa pande zote mbili hakiwezi kuwa sababu ya upendeleo wa upande mmoja. Ilikuwako sababu nyingine.

Jibu la damu laanguka hapo hapo. Foreman ndiye aliyekuwa mwenye kutisha. Alikuwa ameshinda mapambano 40 bila ya kushindwa, na katika hayo 37 aliwaangusha wapinzani wake wasiweze kuendelea. Joe Frazier, aliyekuwa bingwa, aliangushwa naye mara 6 katika raundi 2 mwaka 1973. Ken Norton naye hakuvuka raundi ya 2 mwaka 1974. Kama umma hupenda damu, Foreman ndiye angalikuwa kipenzi, na Ali, mwenye umri wa miaka 32 mbele ya kijana wa miaka 25, angalikuwa kafara tu. Zaidi ya hayo, damu haina uhaba. Humwagika kila mwisho wa juma katika kumbi ndogo za miji, mbele ya viti vitupu. Bidhaa ipatikanayo kila mahali haiwezi kuwa sababu ya msongamano wa mahali pamoja.

Limebaki jibu la ustadi, nalo lauma kwa sababu lingalipaswa kuwa kweli. Titus Simba aliipatia Tanzania medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Dhahabu haipatikani kwa bahati ya usiku mmoja. Yataka kuwashinda watu kadhaa, mmoja baada ya mwingine. Waulizwe wanafunzi wa chuo chochote leo, na idadi ya watakaoyajua majina hayo mawili itamwaibisha muulizaji. Kisha waulizwe jina la Hassan Mwakinyo. Mtu huyu wa Tanga, mji ambao watu wa Ndungu huufikia kwa njia ya Mkomazi na Korogwe, alikwenda Birmingham Septemba 2018 akiwa mpinzani aliyeitwa zikiwa zimebaki siku chache, katika pambano la utangulizi, usiku ambao bwana wa karamu alikuwa Amir Khan. Katika raundi ya 2 alimshinda Sam Eggington, Mwingereza aliyekuwa nyumbani kwake. Medali ya dhahabu ni cheo kikubwa kuliko ushindi wa utangulizi, lakini ushindi wa utangulizi ndio uliowashtua watu. Na hapakuwa na matangazo nyumbani. Matangazo yalifuata baada ya jambo, kama moshi ufuatavyo moto.

Basi jambo lenyewe ni nini? Lina sehemu nne, na pambano likikosa moja hupungua, likizikosa zote huwa kelele.

Sehemu ya kwanza ni swali la kweli. Watu hawakusanyiki kutazama jibu walijualo. Lazima mtu mwenye akili aweze kubishana na jirani yake mwenye akili, na wote wawili wawe na hoja. Kabla ya Kinshasa hoja za kumwogopea Ali zilikuwa nzito kuliko hoja za kumtumaini, lakini hoja za tumaini zilikuwapo. Birmingham swali halikuulizwa kabla, bali liliulizwa na kujibiwa kwa mara moja: je, mtu aliyeitwa ili ashindwe aweza kukataa kushindwa? Swali hilo si la ngumi peke yake. Ni swali la kila mtu aliyepata kuitwa mahali ili ajaze nafasi.

Sehemu ya pili ni kwamba wapiganaji wawe wamebeba neno kubwa kuliko wao. Mwaka 1938 Joe Louis, Mmarekani mweusi, alikutana kwa mara ya pili na Max Schmeling, Mjerumani aliyekuwa amemshinda mwaka 1936. Schmeling hakuwa mwanachama wa chama cha Hitler, lakini chama hicho kilikwisha kumgeuza ishara yake. Naye Louis aliingia ulingoni akiwa ishara ya nchi ambayo ilimnyima ndugu yake mweusi kiti cha basi. Watu kiasi cha 70,000 walijaa uwanjani New York kwa pambano lililokwisha kwa sekunde 124. Hakuna aliyesema kwamba amepunjwa. Hawakuwa wamenunua dakika, bali jibu. Kadhalika Ali alibeba neno. Mwaka 1967 aliikataa vita ya Vietnam, akanyang'anywa ubingwa na kufungiwa ulingo kwa miaka ya ujana wake. Foreman hakuwa mtu mwovu, lakini alishuka Zaire na mbwa wa Kijerumani, wa namna ile ile waliyoikumbuka watu wa Kongo kuwa mbwa wa polisi wa Wabelgiji. Umma haukuhitaji kufundishwa upande wa kusimama.

Sehemu ya tatu ni kuelezeka. Jambo lenye kuvuta watu wote huweza kusemwa kwa sentensi moja na mtu asiyejua kanuni za mchezo. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kuikataa kodi iliyoitwa mbiru. Serikali ilikuwa na maelezo marefu ya namna kodi ile ilivyokadiriwa; watu walikuwa na neno fupi kwamba haikubaliki, na neno fupi lilitembea milimani kwa kasi ambayo maelezo marefu hayakuiweza. Ngumi ina bahati hiyo kwa maumbile yake. Watu wawili, mlango mmoja, mshindi mmoja. Asiyejua tofauti ya ngumi ya mkono wa kushoto na ya kulia bado ajua nani yuko chini na nani amesimama.

Sehemu ya nne ni hasara isiyofidiwa. Timu ya mpira ikishindwa Jumapili hii ina Jumapili ijayo. Mpiganaji aweza kupoteza katika dakika moja kazi ya miaka 10, na wakati mwingine zaidi ya kazi. Umma wajua hivyo hata usipokisema, na kimya kiingiacho katika ukumbi kabla ya kengele ya kwanza ni heshima ya watu kwa hatari ambayo si yao.

Atakaye kujua kama umma una akili katika mambo haya, au hufuata misuli tu, na alitazame tukio la Februari 1980. Rais Carter wa Marekani alimtuma Ali Afrika, na Dar es Salaam ikawa kituo cha kwanza, ili ayashawishi mataifa ya Kiafrika kuisusia Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Alikuwa Ali yule yule, mwenye jina lile lile. Lakini Tanzania ilikuwa imeisusia Michezo ya Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya Afrika Kusini na urafiki wa New Zealand nayo, na Marekani haikuwaunga mkono Waafrika siku ile. Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea. Waandishi wa habari walimwuliza maswali makali, naye mwenyewe akakiri kwamba hakuwa ameelezwa jambo lote. Tanzania ilikwenda Moscow, ikarudi na medali mbili za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Somo ni wazi. Neno alilolibeba Ali ndilo lililomfanya kuwa wa watu. Alipolibeba neno la mwingine, jina tupu halikufungua mlango.

Sasa yatazamwe masumbwi ya nyumbani kwa macho hayo. Waandaaji wameshika mbiu na kuliacha jambo. Mikanda imezidi mabingwa. Juu ya vyama vinne vikubwa vya dunia vimeota vyama vidogo visivyohesabika, kila kimoja chenye mkanda ung'aao na neno la dunia au la bara lililochorwa juu yake. Mpinzani huletwa kutoka mbali, si kwa sababu ni hodari, bali kwa sababu hakuna ajuaye kwamba si hodari. Siku ya kupima uzito wapiganaji husukumana na kutukanana mbele ya kamera, matusi ya nguoni hutolewa mahali pa historia, na kesho yake magazeti hukiita kisa hicho bifu, kana kwamba watu wawili waliokutana juzi waweza kuwa na uadui wa miaka. Kisha pambano huanza, mgeni huanguka kabla hajatokwa jasho, na ukumbi hucheka. Kicheko hicho ndicho hukumu.

Mwandaaji atajitetea kwamba watu huja. Huja, ndiyo, kwa kuwa mtu mwungwana huitika mwito wa kwanza. Lakini Ndungu, nje ya kibanda umiza, ubao huandikwa kwa chaki asubuhi, na mwenye kibanda hana chuo alichosomea elimu ya umma. Anayo hesabu ya mabenchi. Ajua ni usiku gani watu watasimama mpaka mlangoni na ni usiku gani afadhali aweke mpira wa Uingereza wa marudio. Ubao wake ni mhakiki mkali kuliko kurasa za michezo. Wala wakubwa wa dunia hawakusalimika na hesabu hiyo. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walikutana Las Vegas Mei 2015 baada ya watu kuwangojea zaidi ya miaka 5. Katika Marekani peke yake zaidi ya nyumba milioni 4 zililipia kutazama, na hakuna pambano lililopata kuingiza fedha nyingi kama lile kabla yake. Swali lilikuwa la kweli mwaka 2009; kufikia mwaka 2015 lilikuwa limechacha. Raundi 12 zilikwisha, na wengi waliotazama waliona kwamba wameuziwa kumbukumbu ya pambano badala ya pambano.

Wako wasomi watakaouliza kama jambo hili lastahili wino. Kwao ngumi ni ukatili, na mvuto wake kwa umma ni ugonjwa wa umma. Hoja yao ina heshima yake, lakini yasahau mtu aliyemo ndani ya glavu. Robert Wangila wa Kenya alipata dhahabu ya Olimpiki huko Seoul mwaka 1988. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 26, alikufa Las Vegas kwa majeraha aliyoyapata ulingoni. Habari hiyo yatosha kuthibitisha kwamba swali la mvuto si swali la burudani. Ngumi ya pambano la uongo ina uzito ule ule wa ngumi ya pambano la kweli. Kijana aliyetolewa kijijini kuwa ngazi ya mwingine hupigwa kichwa kile kile ambacho Foreman alipigwa, kwa malipo ya nauli na chakula, mbele ya watu wanaocheka. Kama mwili wa mtu utahatarishwa, heri uhatarishwe kwa jambo. Kuuhatarisha kwa mbiu tupu ni dhuluma, na msomi anyamazaye kwa kuwa mchezo haumpendezi ameacha dhuluma ipite mlangoni pake.

Na umma wenyewe haukosi deni. Mwakinyo alipokwenda Liverpool Septemba 2022, akashindwa na Liam Smith katika raundi ya 4 baada ya kuumia mguu, wengi wa waliomshangilia mwaka 2018 walikuwa wepesi wa kumfanyia dhihaka. Umma uliotaka hasara isiyofidiwa, kwa kuwa ndiyo iupayo mchezo uzito wake, haukustahili kumcheka mtu aliyeipata hasara hiyo. Macho ya watu wengi ni mkopo. Anayempa mpiganaji macho yake usiku wa ushindi amemwahidi staha usiku wa kushindwa.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Wenye mamlaka ya mchezo na wachapishe wazi, siku nyingi kabla ya pambano, kumbukumbu za wapiganaji wote wawili: wameshinda nani, wameshindwa na nani, na lini. Mkanda usiwekwe mezani mpaka awepo mtu ambaye watu wenye akili waweza kubishana juu yake. Daktari awe na neno la mwisho juu ya mwandaaji. Pambano liitwalo la taifa lionekane na taifa, lisifungwe ndani ya chaneli ambayo mkulima hawezi kuilipia. Na waandishi, badala ya kunakili matusi ya siku ya kupima uzito, watafute neno ambalo kila mpiganaji amelibeba, maana hakuna kijana aingiaye ulingoni bila ya neno. Simba na Yombayomba hawakukosa jambo. Walikosa wa kulieleza.

Mbiu si adui. Hakuna msaragambo bila ya mwitaji, na hakuna pambano kubwa bila ya tangazo. Lakini mwitaji wa Ndungu hupanda kwanza kuutazama mfereji, akahakikisha kwamba umeziba kweli na kwamba mashamba ya watu yako hatarini, ndipo apazapo sauti. Hafanyi hivyo kwa kuwa ni mtakatifu. Afanya hivyo kwa kuwa kesho atawaita tena watu wale wale.